Somo la Maarifa ya Nyumbani: Kupamba Nyumba ya Kupanga kwa Fedha Kidogo

  Kabla hatujaanza, mwalimu aandike ubaoni maneno haya matano: kodi, chokaa, pazia, banzi, mapatano. Yasomeni kwa sauti mara mbili, kisha wekeni kalamu chini msikilize. Na wewe unayelisoma somo hili nyumbani kwa sababu hukuweza kufika darasani, soma polepole. Hakuna anayekufukuza.

Leo tutasema juu ya nyumba ambayo si yako lakini unalala ndani yake. Itumba ni makao makuu ya Wilaya ya Ileje, na mji wa namna hiyo haukosi wapangaji. Kuna mwalimu aliyehamishiwa hapa, kuna muuguzi, karani, askari, fundi, mama anayeuza nguo, kijana anayekwenda Isongole mpakani na kurudi. Wengi wao wamepanga chumba kimoja au viwili katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati juu. Siku ya kwanza mpangaji huingia akakuta kuta tupu, pengine hazina lipu. Sakafu ina ufa. Dirisha limezibwa kwa gunia. Juu ya ukuta ipo misumari sita iliyoachwa na mpangaji wa zamani, na kalenda ya mwaka uliopita.

Hapo wapangaji hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza husema, “Si nyumba yangu, ya nini kuipamba?” Hukaa hivyo mwaka, miaka miwili, miaka mitano, kama gunia la mahindi ghalani. Watoto wake hukua ndani ya chumba kile wala hawajui nyumba nzuri ni kitu gani. Wa pili ana moyo mwema, ila hana hesabu. Hununua saruji akasawazisha sakafu, hupiga lipu, hupaka rangi ya dukani, hujengea rafu ukutani. Chumba kinapendeza kweli. Mwenye nyumba anapita, anatazama, anatabasamu. Baada ya miezi michache anasema, “Sasa chumba hiki kimekuwa kizuri, kodi yake lazima ipande.” Au anasema mtoto wake anaoa, anakihitaji chumba. Mpangaji anafunga vitu vyake, na fedha zake zinabaki ukutani. Pengine fedha hizo zilikuwa za sare na madaftari ya watoto.

Mpangaji huyo hawezi kung'oa sakafu akaenda nayo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 huhesabu majengo, na vitu vilivyojengewa kabisa katika ardhi, kuwa sehemu ya ardhi yenyewe. Ukijengea rafu ndani ya ukuta wa mtu, umemjengea yeye. Tena ilikuwapo sheria ya kuzuia kodi za nyumba zisipandishwe ovyo, ile ya mwaka 1984, nayo ilifutwa mwaka 2005. Kwa hiyo siku hizi neno kubwa ni lile mlilopatana wewe na mwenye nyumba, nalo tutalirudia baadaye kidogo.

Basi kila unapotaka kutoa shilingi kwa ajili ya chumba, jiulize kwanza: siku nitakapohama, je, kitu hiki kitakwenda pamoja nami? Kama kitakwenda, kinunue kwa kadiri ya uwezo wako. Kama kitabaki, kiwe cha bei ndogo sana, au mwenye nyumba akilipie.

Kule Lamu, pwani ya Kenya, zipo nyumba za mawe zilizojengwa karne ya 18, na ndani ya kuta zake mna vishimo vingi vilivyopangwa safu juu ya safu, vimetengenezwa kwa chokaa kwa ustadi mwingi. Huitwa zidaka. Wenyewe walipanga humo sahani na mabakuli yaliyotoka ng'ambo. Ni pambo zuri mno. Lakini waliojenga zidaka walikuwa na nyumba zao wenyewe, za urithi. Mpangaji wa Itumba akitaka kupanga sahani zake zionekane, atafute zidaka za kubebeka. Zipo, na bei yake si kubwa.

Tafuta matofali 18 ya kuchoma na mabanzi matatu. Banzi ni ule ubao wa kando unaobaki fundi anapopasua gogo la msindano au mlingoti. Upande mmoja umenyooka, upande wa pili una magome, na kwa kuwa wengi huutumia kwa kuni au ua, bei yake ni ndogo kuliko ya ubao kamili. Ondoa magome yote, maana ndimo wadudu wanamojificha, kisha piga msasa. Weka matofali matatu, moja juu ya jingine, upande wa kushoto, na matatu upande wa kulia. Laza banzi juu yake, upande ulionyooka utazame juu. Juu ya banzi hilo weka tena matatu na matatu, kisha banzi la pili. Halafu hivyo hivyo mara ya tatu. Haya, mwanafunzi, piga hesabu: matofali matatu, mara pande mbili, mara mabanzi matatu. Ni 18. Umepata rafu ya ngazi tatu bila msumari wala saruji. Usiipandishe zaidi ya hapo, hasa kama nyumbani mna mtoto anayejifunza kusimama, maana atashika ubao na kuuvuta. Vitu vizito vikae chini. Siku ya kuhama, rafu inapanda gari pamoja na wewe, au unayaacha matofali na kuchukua mabanzi peke yake.

Sasa tuje kwenye ukuta. Ukuta ndio unaotutia hasara, kwa kuwa ndio mkubwa. Chumba cha mita 3 kwa mita 3, chenye urefu wa mita 2 na nusu kwenda juu, kina kuta za mita za eneo 30, ukiacha mlango na dirisha. Kwa rangi ya dukani, hizo ni fedha nyingi. Lakini ukuta mmoja peke yake ni mita za eneo 7 na nusu tu. Basi chagua ukuta mmoja, ule unaoelekea mlango, ambao mgeni huuona kwanza anapopiga hodi. Huo ukipendeza, zile kuta tatu hakuna atakayezishitaki.

Na si lazima rangi ya dukani. Watu wa milima hii hawakungoja duka ndipo wapambe nyumba zao. Zamani nyumba za mianzi zilisiribwa kwa udongo, zikalainishwa kwa mkono, na akina mama wakazipaka udongo wa rangi mbalimbali. Mwaka 1879 Mskoti mmoja, Joseph Thomson, alipita nchi ya Wanyakyusa kaskazini ya Ziwa Nyasa, akasifu sana usafi na unadhifu wa vijiji vile. Hapakuwa na kopo la rangi hata moja. Kama nyumba uliyopanga ni ya udongo au ina lipu ya udongo, waulize wazee wa hapo ni wapi panapochimbwa udongo mweupe au mwekundu. Watakuonyesha, na pengine watafurahi kuulizwa.

Kwa ukuta wa matofali ya kuchoma, au wenye lipu ya saruji ambao haujapata rangi, kitu kinachofaa ni chokaa. Chokaa ni jiwe lililochomwa tanuruni. Katika mkoa jirani wa Mbeya, mahali paitwapo Songwe, mawe ya namna hiyo yapo, na ndiko kilikojengwa kiwanda cha saruji. (Msichanganye hapa. Mito iitwayo Songwe ni miwili. Mmoja hutelemka kwenda Ziwa Rukwa, na huo ndio wa kule. Wa pili ni huu wetu wa mpaka na Malawi, unaokwenda Ziwa Nyasa.) Nunua chokaa iliyokwisha zimwa, ile ya unga katika mfuko. Ile ya mabonge, isiyozimwa, ikitiwa maji huchemka kwa nguvu na inaweza kumchoma mtu. Mwachie fundi anayeijua.

Chukua kopo moja la chokaa kwa makopo mawili ya maji. Koroga vizuri, chuja kwa kitambaa, uache mpaka kesho yake. Tia konzi moja ya chumvi katika kila ndoo, isaidie kushika. Siku ya kupaka, ongeza maji hata iwe kama maziwa. Fagia ukuta uondoe vumbi na utando wa buibui, kisha unyunyizie maji, kwa maana ukuta mkavu hunywa maji ya chokaa upesi mno, na chokaa ikabaki unga unaochafua nguo. Paka nyembamba. Ikiwa bado mbichi itaonekana kama hujapaka kitu, wala usikate tamaa ukaongeza uzito. Chokaa hung'aa inapokauka. Kesho yake paka mara ya pili, na ikibidi mara ya tatu. Jifunike macho na mikono, na watoto wakae nje, maana chokaa ikiingia jichoni inaunguza. Ikiingia, osha papo hapo kwa maji mengi safi ukaende zahanati.

Kazi hii ifanywe kiangazi, kati ya Juni na Oktoba. Wakati wa mvua kuta za Ileje huwa na unyevu, na chokaa huchukua siku nyingi kushika. Lakini ikishika inao wema mwingine. Ule ukungu mweusi unaoota pembeni mwa chumba wakati wa masika hauipendi chokaa. Ukuta uliokwisha kupakwa rangi ya mafuta, hata hivyo, usiupake chokaa. Itabanduka kama ganda la kitunguu.

Wako wanaobandika magazeti ukutani kwa uji wa unga. Mimi siyapendi magazeti hayo, nasema wazi. Mende hula ule uji, panya hutafuna, na unyevu ukiingia nyuma yake huoni mpaka ukuta umeoza. Faida yake ni moja tu: mtu anayejifunza kusoma hulala akiwa na kitabu mbele ya macho yake. Kama ni kwa ajili hiyo, bandika ukurasa mmoja kwenye kadibodi, uutundike kwa uzi, na ukiumaliza ubadilishe.

Lakini kabla hujapaka chochote, mwendee mwenye nyumba. Wengi huruka hatua hii, nayo ndiyo inayoleta magomvi. Usiende mikono mitupu, wala usiende na maneno matupu. Nenda na hesabu iliyoandikwa. Mwamkie kama inavyostahili, mwache aulize habari za nyumbani, kisha useme, “Mzee, ukuta ule umechakaa. Naomba ruhusa niupake chokaa. Kazi nitaifanya mwenyewe. Chokaa na brashi ni shilingi kadha wa kadha. Je, tunaweza kuzikata katika kodi ya mwezi ujao?” Wenye nyumba wengi hukubali, maana wanapata ukuta uliopakwa kwa bei ya chokaa peke yake, bila kumlipa fundi. Akikataa kukata fedha lakini akatoa ruhusa, sasa ni juu yako kupima. Akikataa yote mawili, ni haki yake. Nunua pazia.

Akikubali, msiishie kwenye kushikana mikono. Andikeni. Wako kati yetu waliowahi kuwekewa karatasi mbele yao, wakapakwa wino, wakaweka dole gumba, wala hawakujua walichokikubali mpaka siku walipoambiwa wahame. Sasa unajua herufi. Mwalimu aandike ubaoni barua hii, nanyi muinakili katika madaftari:

“Leo tarehe ……, mimi …… mpangaji, na mimi …… mwenye nyumba, tumepatana hivi. Mpangaji atapaka chokaa ukuta mmoja wa chumba chake. Gharama ni Sh. ……, nazo zitakatwa katika kodi ya mwezi wa ……. Kodi haitapandishwa kabla ya tarehe ……. Rafu, mapazia, mikeka na vyungu ni mali ya mpangaji, naye ataondoka navyo. Sahihi ya mpangaji. Sahihi ya mwenye nyumba. Sahihi ya shahidi.”

Ziwe karatasi mbili zilizo sawa, kila mtu abaki na yake. Shahidi awe mtu anayeheshimiwa na pande zote mbili, kwa mfano mwenyekiti wa kitongoji. Na neno “kodi haitapandishwa” msilione dogo. Kama unalipa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, kama wenye nyumba wengi wanavyotaka, hapo ndipo mahali pa kuliomba, fedha zikiwa bado mkononi mwako. Ukikwisha kuzitoa, nguvu yako ya kusema imepungua. Ukiwa na simu yenye kamera, piga picha za chumba siku ile ile unayoingia, pamoja na nyufa na madoa yaliyokuwapo. Ni shahidi asiyesahau.

Tuliache shauri la ukuta, tutazame dirisha. Pazia hubadilisha chumba kuliko kitu kingine chochote, nalo unaondoka nalo. Khanga moja ina upana wa sentimita 150 hivi, na kimo cha 110 hivi. Dirisha la mita moja, yaani sentimita 100, hutaka pazia lenye upana mara moja na nusu, ili likunjamane vizuri. Basi khanga moja inalitosha kabisa bila kukatwa, na doti moja hupamba madirisha mawili. Kimo kinabakiza sentimita 10 za kukunja juu na chini. Shona mkunjo wa juu uwe kama mfuko mrefu, upitishe ufito wa mwanzi ndani yake, ulaze juu ya misumari miwili. Umewekea pazia bila kununua chuma. Misumari ipigwe kwenye udongo au saruji inayounganisha matofali, si kwenye tofali lenyewe. Tofali hupasuka, lakini kiungo huzibika kwa kidole siku ya kuhama.

Jambo moja juu ya khanga. Ina maandishi. Zamani ulinunua kwa rangi, ukamwomba mwenye duka akusomee, naye akakwambia analotaka. Sasa soma mwenyewe kabla hujaitundika sebuleni. Yako majina ya khanga ya kumsema jirani, na mengine ya kumsuta mke mwenza, na mama mkwe wako atakuja kuketi mbele yake na miwani yake. Hata kitenge kizee kitafaa, kile kilichochakaa katikati lakini kingo zake bado nzima. Hakina jina, hakimgombezi mtu.

Pazia lakini lisiwe la kuzuia hewa. Juni na Julai baridi ya Itumba ni kali, na watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga dirisha na kuteremsha pazia. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Watu wamelala wasiamke. Jiko likae nje, na joto litafutwe katika blanketi na mkeka.

Mkeka wa ukindu huficha sakafu yenye ufa kwa sehemu ndogo ya bei ya saruji. Uinue kila juma, uuanike juani, na ufagie chini yake. Kitanda kisigusane na ukuta, kiache nafasi ya shubiri moja hewa ipite, la sivyo godoro litashika ukungu masika. Kwa sababu hiyo hiyo usitundike nguo nzuri kwenye ukuta wenye unyevu.

Na pembeni, mahali penye kivuli, weka chungu. Wakisi wa Ikombe, pwani ya Ziwa Nyasa huko Kyela, ni mafundi wa vyungu wa tangu zamani, na vyungu vyao huuzwa katika soko la Matema, vikasafiri hata mbali. Chungu kimoja kizuri juu ya kipande cha ngozi au kata ya majani ni pambo na ni kazi, kwa sababu maji ya kunywa hupoa ndani yake. Kwa maua, usinunue. Mwombe jirani kipandikizi, ukitie katika kopo lililotobolewa chini. Jirani aliyekupa ua atakuja kutazama kama limeshika, na hapo umepata mgeni wa kwanza.

Rangi zisiwe nyingi. Chumba kidogo chenye rangi tano huonekana kama duka la mitumba. Chagua mbili pamoja na nyeupe ya chokaa. Mimi ningechukua nyekundu ya udongo na buluu ya khanga. Wewe chagua zako.

Kazi ya juma hili ni hii. Chora mstari katikati ya ukurasa wa daftari. Upande wa kushoto andika neno HUENDA, na wa kulia andika HUBAKI. Halafu simama katikati ya chumba chako, uandike kila kitu unachokiona, mahali pake. Kando ya kila kitu andika ulikilipia kiasi gani. Jumlisha pande zote mbili. Mje nazo darasani, na atakayependa atausoma ukurasa wake kwa sauti. Somo lijalo tutasema juu ya kuweka kumbukumbu za matumizi ya kila juma, kwa hiyo msizipoteze karatasi hizo. Kwaherini.